Tairi la laki na sitini na tano

Najua mtakachosema: Toyota Altezza si gari la spoti. Lina milango minne, buti lake linabeba kiroba cha mchele na ndoo ya mafuta, na nusu ya vijana wa Dar wameshawahi kuwa nalo au kulitamani. Sawa. Ila langu ni RS200, gia sita za mkono, injini ya 3S-GE BEAMS yenye nguvu za farasi 210, na nguvu hizo zote zinakwenda kwenye matairi ya nyuma. Lilipotoka mwaka 1998 Wajapani wenyewe walilitunuku tuzo ya gari la mwaka. Kwa mfuko wangu, hilo ndilo spoti, na mjadala huo naufunga hapa.

Nilipolinunua mwaka 2021 lilikuja na rimu za inchi 17 na matairi 215/45 (upana milimita 215, ubavu asilimia 45 ya upana huo) yaliyokwisha kabisa. Vipara. Septemba nikaenda Kariakoo. Muuzaji akanitazama viatu kwanza, halafu akaniwekea matairi mawili mbele ya kaunta. Moja la Ulaya, jina unalolijua hata kama hujawahi kumiliki baiskeli: shilingi 520,000. Jingine la Mchina, jina ambalo mpaka leo sijui linatamkwaje: 165,000. Saizi ileile, herufi ya mwendo ileile (ile ya kasi ya juu ambayo tairi linaruhusiwa), na kwa macho yangu ya siku ile, lile la bei rahisi lilikuwa zuri zaidi. Kashata zake, yale meno ya mpira yanayogusa lami, zilichongwa kama mishale.

Mara nne ni 2,080,000 kwa 660,000. Tofauti ni milioni moja na laki nne na ushee, yaani ada ya muhula na chenji. Sikukaa hata kitako kuwaza.

Na niseme ukweli, kwa miezi ya kwanza sikuona kosa langu liko wapi. Lami kavu, jua la Dar, foleni ya Mwenge: tairi la 165,000 na la 520,000 yote yanasimama foleni kwa ustadi uleule. Kelele zilikuwepo kidogo nikifika 90, mvumo kama wa nyuki walio mbali. Nikaongeza sauti ya redio.

Kisha vuli ya 2022. Ile mvua ya kwanza kabisa, ambayo haioshi barabara bali inakoroga vumbi na oili ya miezi yote ya kiangazi kuwa uji. Nilikuwa natoka Tegeta, nakaribia Tangi Bovu, mwendo wa 60 hivi, wala sikuwa nafanya ujinga. Bajaji iliyokuwa mbele ikasimama ghafla kuokota abiria. Nikakanyaga breki. ABS, ile inayozuia magurudumu yasijifunge, ikaanza kunipiga nyayo, taptaptap, na gari likawa linaendelea tu na safari zake. Halikuyumba wala halikugeuka, liliserereka moja kwa moja kama sahani kwenye sinki lenye sabuni. Nilipata muda wa kusoma maneno yote yaliyoandikwa nyuma ya ile bajaji, pamoja na namba ya simu ya kuripoti mwendo kasi.

Lilisimama. Kati ya bampa langu na bajaji pangepita kiganja, kikiwa kimelala. Dereva akageuka, akaliangalia gari, akaniangalia mimi, akasema, "Braza, breki hazipo?"

Breki zipo. ABS inafanya kazi pale tu breki zinapokuwa na nguvu kuliko mshiko wa tairi. Breki zangu zilikuwa tayari kulisimamisha gari, tairi ndilo halikuwa na cha kushikia. Tangu siku hiyo huwa naliwaza jambo moja kila nikishika usukani: kila tairi linagusa lami kwa eneo la kiganja tu. Viganja vinne, na juu yake chuma cha zaidi ya tani moja na robo, mke na watoto.

Kesho yake nikapita kwa mzee wa pancha wa mtaani kwetu. Shikamoo, marahaba, nikamweleza. Hakusema kitu. Alichuchumaa akachomeka ukucha wa kidole gumba kwenye mpira wa tairi langu, akabonyeza, akautoa. Hapakuwa na alama. Akanipeleka kwenye tairi la mteja mwingine lililoegemea ukuta, la kampuni kubwa, limetembea kuliko langu. Akabonyeza tena. Pale pakabaki kamstari, kakajifuta taratibu.

"Lako haliishi," akasema. "Utaliuza gari, tairi liko vilevile."

Ukucha wa mzee si maabara, lakini ulinifanya nianze kusoma yaliyoandikwa ubavuni mwa tairi, kitu ambacho sikuwahi kukifanya katika miaka kumi na moja ya leseni. Kuna neno TREADWEAR na namba mbele yake. Ni utaratibu wa Kimarekani wa kueleza uchakavu: namba kubwa, tairi linadumu, namba ndogo, linaisha upesi, na mara nyingi linashika zaidi. Langu lilikuwa na 420. Lile la ukutani 320. Kuna mtego hapo lakini: namba hiyo anaiandika mtengenezaji mwenyewe baada ya majaribio yake, kwa hiyo kulinganisha kampuni na kampuni ni kuamini maneno ya wachumba wawili. Chini yake kuna TRACTION, nayo inapimwa kwa kufunga breki kwenye njia iliyolowa, ikienda moja kwa moja, bila kona: AA, A, B, C. Langu lilikuwa A. Nikajisikia nimeonewa, maana A shuleni ilikuwa ndiyo mwisho wa reli.

Unacholipia kwenye tairi la bei, nilivyokuja kuelewa, kwa sehemu kubwa ni mpira wenyewe. Kashata mtu yeyote anaweza kunakili. Mchanganyiko wa mpira, silika (madini ya jamii ya mchanga) na vingine vinavyoufanya ushike lami iliyolowa bila kuwa mzito kuzunguka, hapo ndipo kwenye kazi. Huwezi kuuona dukani, na mvua isiponyesha unaweza usiujue maisha yako yote.

Basi jibu likawa rahisi, nikusanye milioni mbili? Hapana. Hapa ndipo Dar inapoingilia.

Tairi la 215/45 lina ubavu usiofika sentimita kumi. Pima kwa rula uone ulivyo mdogo. Karibu na kwangu kuna shimo ambalo kila mvua linazaliwa upya, na kila likizibwa linahamia hatua mbili mbele. Katika miezi kumi na minne lilikuwa limeshanilia matairi mawili. Siyo kupasuka, ubavu unatoa jipu, nyuzi za ndani zimekatika, na tairi hilo hata fundi akikwambia litatembea, usimsikilize. Kwa hiyo matairi yangu manne ya bei rahisi yalikuwa sita, na ile 660,000 ilikuwa 990,000. Sasa fanya hesabu hiyohiyo kwa tairi la 520,000. Shimo halisomi jina la kampuni. Nilijiona naendesha kwa woga wa mtu aliyebeba trei la mayai.

Mtumba je? Marafiki wawili walinishauri hivyo kwa nyakati tofauti: chukua la Kijapani lililotumika, jina kubwa, bei ya Mchina. Nikaenda kuangalia. Kashata nene, linang'aa, limepakwa kitu cheusi. Nikatafuta zile tarakimu nne za mwisho baada ya DOT: 3114. Limetengenezwa wiki ya 31, mwaka 2014. Wakati huo ni Januari 2023. Angekuwa mtoto yupo darasa la tatu. Mpira hukauka na kukakamaa hata ukiwa umekaa tu, na sijui hilo lilikaa kwenye joto gani kabla halijafika pale. Na msidhani mpya wako salama: duka jingine walinionyesha tairi la bei kubwa, jipya la nailoni, tarakimu zake zikisema lina miaka mitano. Bei ya leo, mpira wa juzi. Niliaga kwa adabu.

Aliyenitatulia ni yule mzee wa pancha, tena hakuwa anashauri, alikuwa analalamika. Alikuwa anahangaika na rimu yangu iliyopinda ukingo, akasema kwa sauti ya chini, kama anaongea na nyundo, "Rimu kubwa hizi zinatafuta nini mjini?"

Nilicheka. Nikafika nyumbani nikiwa bado nacheka, nikachukua kalamu.

215/45 ya inchi 17, kipenyo chake ni kama milimita 625. 205/55 ya inchi 16 ni kama 632. Tofauti ya asilimia moja, spidomita haitajua. Ubavu unapanda kutoka sentimita tisa na kitu hadi kumi na moja na kitu. Na 205/55R16 ni saizi inayovaliwa na magari mengi mno duniani, kwa hiyo kila kampuni inaitengeneza na ushindani wa bei ni mkali. Nikapiga simu. Continental, tairi jipya, la mwaka uliopita: 340,000.

Nikapata rimu za mtumba za alumini, tundu tano za nati kwenye duara la milimita 114.3, kwa 450,000 seti nzima. Tulijaribisha moja kwanza mbele kuona kama itapita kwenye kaliper ya breki. Ilipita, na nafasi ya kidole. Rimu zangu za 17 zikachukuliwa na kijana mmoja siku ya pili baada ya kuzitangaza, pamoja na matairi yake, kwa 700,000. Nilimweleza habari ya Tangi Bovu yote. Akasema yeye anataka mwonekano. Hesabu ya mwisho: 1,360,000 jumlisha 450,000, toa 700,000. Milioni moja, laki moja na elfu kumi. Ukiilinganisha na ile 990,000 niliyokuwa nimeshaitupa kwenye "bei rahisi", utanielewa kwa nini nilikaa kimya kidogo pale mezani.

Herufi ya mwendo imeshuka kutoka W ya kilomita 270 kwa saa hadi V ya 240. Waliokuja kunizodoa kwa hilo niliwakumbusha kwamba gari lenyewe lilifungwa kiwandani lisipite 180, na mimi lilikonifikisha sikusemi hapa. Uzito ambao tairi linaruhusiwa kubeba, kinyume chake, umepanda: namba 87 ya zamani ni kilo 545 kwa tairi, 91 ya mapya ni kilo 615.

Shemeji yangu anafanya kazi kwenye yadi ya makontena Kigamboni. Kabla ya kubadilisha nilikuwa nimeomba ruhusa ya kwenda pale Jumapili asubuhi, tukachora mstari wa chaki, nikaja na 60, nikafunga breki kwenye mstari, tukahesabu hatua. Baada ya kubadilisha tukarudia. Lami kavu: hatua 20 za zamani, 18 za mapya. Kwa tofauti hiyo hata mimi nisingetoa hela. Lakini mara zote mbili, kabla na baada, tulisubiri pia mvua. Lami imelowa: 30 kwa 23. Hatua saba. Shemeji alizitembea tena peke yake, polepole, halafu akauliza pikapu yake inavaa saizi gani.

Kuna vitu nimepoteza. Usukani hauna tena ule ukali. Kwenye kona ya haraka, ule ubavu mrefu unachelewa kidogo, kama mtu anayefikiri kabla ya kujibu. Na gari limepoteza sura. Pale kwenye matao ya magurudumu pamebaki pengo, na rimu za 16 zinaonekana kama suruali iliyopanda juu ya vifundo. Nililiona hilo kila siku kwa mwezi mzima. Mke wangu hakuliona hata mara moja.

Idd ya 2022 tulikuwa tumekwenda kwao Lushoto na matairi ya zamani. Ile barabara kutoka Mombo ni kama kilomita 33 za kupanda na kuzunguka, mlima upande mmoja, bonde upande wa pili, na wakati wa masika maji yanachuruzika toka kwenye mwamba na kuvuka lami yakiwa na tope. Kona moja baada ya Soni nyuma kulitoka. Kidogo tu, nikalirudisha, lakini mke wangu alishika dashibodi kwa mikono miwili na hakuiachia hadi tulipofika kwa mama yake, ambaye aliambiwa kila kitu kabla sijamaliza kuamkia.

Idd ya 2023 tumerudi, ukungu uleule, maji yaleyale. Upepo nilijaza 33 pande zote, Korogwe, asubuhi. Kuanzia Mombo nilikuwa nasubiri ile kona kwa tumbo. Ilipofika nikaiingia kwa gia ya tatu, gari likajilaza, likashika, likapita. Nikamwangalia. Alikuwa na kisu mkononi anamenya chungwa tulilonunua Segera, ganda likiteremka kama utepe mmoja mrefu hadi mapajani, halijakatika.

Wiki iliyopita kijana wa sheli alilizunguka gari langu mara mbili akiwa ameshika bomba. "Bro, RS200 kabisa," akasema, "halafu umeivalisha rimu za Carina?"

Nikamwambia ajaze ya elfu hamsini.