Soko la hisa la kanda lifike na huku kwetu

Mjadala wa kuunganisha masoko ya hisa ya Afrika Mashariki ukizuka, zinazotajwa ni Nairobi, Kampala, Dar es Salaam na Kigali. Mimi ni mhasibu hapa Kisumu, na jambo hili nalipima kwa vitabu vya wateja wangu.

Yupo mzee mmoja wa Kondele anayetengeneza chakula cha kuku na samaki. Omena, yaani dagaa, anatoa Usenge, mahindi Kitale, na magunia yake yanauzwa hadi Tororo, Uganda. Anataka mashine ya pili ya kuchanganyia. Benki imemwomba hati ya shamba la Siaya, walikozikwa wazazi wake. Ndiyo maana natamani soko hilo lije: mtu kama huyu auze sehemu ya kampuni badala ya kuweka rehani makaburi, na wanunuzi wake wa Uganda wawe wenye hisa pia.

Ila hajawa tayari. Karo ya wajukuu, dawa ya ng'ombe na malipo ya omena vyote vinapita kwenye laini moja ya M-Pesa. Nani atakadiria thamani ya kampuni hiyo? Nairobi ilifungua sehemu ya kampuni ndogo na za kati, GEMS, mwaka 2013, na zilizojiorodhesha ni chache mno. Sishangai. Wengi hawana hesabu zilizokaguliwa, na wenye nazo huogopa kuzianika.

Afrika Magharibi wanalo soko la pamoja, BRVM, lenye makao Abidjan. Linahudumia nchi 8 tangu 1998. Lakini wao wana sarafu moja, faranga ya CFA. Sisi ukivuka mpaka wa Busia tu unatafuta wa kukubadilishia pesa, kwa hiyo gawio, yaani fungu la faida ya mwenye hisa, la kampuni ya Kampala linaweza kuonekana nono kwenye karatasi, likafika Kisumu limekonda.

Kinachoniuma zaidi ni mwekezaji mdogo. Sisi wa magharibi mwa Kenya tunaijua kampuni ya sukari ya Mumias: iliingia soko la hisa 2001, ikawekwa chini ya mrasimu, yaani msimamizi anayeshika kampuni iliyoshindwa kulipa madeni, 2019, na uuzaji wa hisa zake ukasimamishwa. Hiyo ni kampuni iliyokuwa Kakamega, chini ya sheria za hapahapa. Sasa mwalimu wa Butere akinunua hisa za kampuni ya Kigali nayo ikaanguka, atashtaki wapi? Kwa mamlaka ya Nairobi au ya Rwanda? Swali hilo lijibiwe kwa sheria kabla mtu hajatoa hata shilingi, na fomu ya malalamiko ipatikane kwa Kiswahili. Ada za mawakala nazo zisimle mwenye elfu tano.

Mzee aliniuliza, "Sasa mwanangu, niwaandike watoto wakurugenzi?" Nilimwambia, "Hilo lingoje, baba. Kwanza kampuni ifunguliwe akaunti yake, na wewe ujilipe mshahara kama mfanyakazi mwingine yeyote." Ameshapeleka fomu benki.