Siku moja maishani mwangu: kufungasha Lua hapa Mombasa

Saa 2 asubuhi. Mahamri na mbaazi kwanza, kisha terminali. Linux tunayoisambaza imetokana na Debian 12, iliyokuja na Lua 5.4.4, lugha ya kuandikia programu. Leo naipandisha hadi 5.4.8. Msimbo wote wa lugha hii umo kwenye faili isiyofika kilobaiti 400, kwa hivyo bando dogo la simu latosha. `gbp import-orig --uscan` inaupakua, halafu nalinganisha SHA256 (alama ya kuthibitisha kuwa faili haijabadilika) na ile iliyo kwenye tovuti ya Lua. Zikitofautiana, kazi inasimama hapo hapo.

Nambari ya toleo naiandika mapema: `5.4.8-1~mvita1`. Alama ile ya wimbi huifanya apt, kisakinishi cha Debian, ihesabu toleo letu kuwa chini ya 5.4.8-1. Siku Debian ikitoa lake, litachukua nafasi bila mabishano.

Saa 3. Viraka, yaani mabadiliko yetu madogo juu ya msimbo wa Lua, na asubuhi nzima huishia hapa. `quilt push` huweka kiraka; kikigoma, `quilt push -f`, narekebisha kwa mkono palipokwama, `quilt refresh`, naendelea na kingine.

Makefile ya Lua (faili ya maelekezo ya kuijenga) hutoa maktaba ya `liblua.a` peke yake, inayonakiliwa ndani ya kila programu. Sisi twahitaji pia `liblua5.4.so.0` inayotumiwa na programu nyingi kwa pamoja, ili dosari ya usalama ikipatikana tubadilishe kifurushi kimoja tu. Kiraka cha kwanza ni cha hilo.

Cha pili hugusa `src/luaconf.h`, nacho ndicho cha hatari. Humo `LUA_ROOT` ni `/usr/local/`, na karibu njia zote za kutafutia moduli (vipande vya programu vya kuongezea) hutokana nayo. Ukiiacha hivyo, kila kitu kitajengeka bila kelele. Kisha mwalimu fulani kule Likoni atasakinisha moduli kwa apt, aandike `require`, aambiwe moduli haipo, ilhali imelala `/usr/share/lua/5.4`. Twaongeza saraka hiyo kwa moduli za Lua, na `/usr/lib/<usanifu>/lua/5.4` kwa zile za C. Jina la usanifu (aina ya prosesa) litoke kwenye `DEB_HOST_MULTIARCH`. Ukiandika `x86_64-linux-gnu` kwa mkono, kompyuta za arm64 zitatafuta pasipo na kitu.

Saa 5 na nusu. Chaguo za kompaila, programu inayogeuza msimbo kuwa wa mashine. Makefile huipa `CFLAGS`, orodha ya chaguo hizo, thamani yake yenyewe, kwa hivyo zile za ulinzi kutoka `dpkg-buildflags` (`-fstack-protector-strong` na wenzake) zikipitia mazingira hupuuzwa kimya kimya. Anayeona hivyo hukimbilia `make CFLAGS=...`, na hapo ndipo anapoharibu zaidi: `-DLUA_USE_LINUX` inafutika pamoja na zilizokuwamo, na Lua inayotoka haiwezi kupakia moduli yoyote ya C. Zipitishe kwa `MYCFLAGS` na `MYLDFLAGS`. Makefile imeziacha tupu makusudi.

Saa 7 mchana. Swala, wali, feni.

Saa 8. `sbuild` hujenga kifurushi ndani ya chroot (mfumo mdogo uliotengwa) safi isiyo na intaneti. Kukompaili Lua hakufiki hata dakika moja kwenye laptopu ya kawaida. Kisichotajwa kwenye `Build-Depends`, orodha ya vinavyohitajika kujengea, hujulikana hapa: bila `libreadline-dev`, shabaha ya `linux-readline` hukwama kwa kukosa `readline/readline.h`, hata kama kwenye mashine yako mwenyewe ilipita, kwa kuwa ulishaisakinisha zamani ukasahau.

Majaribio ya Lua huja kwa faili ya pembeni. Nayaendesha kwa `lua5.4 -e "_U=true" all.lua`, na mwisho lazima nione `final OK`. Mimi siyaamini peke yake, maana hayajui lolote kuhusu saraka zetu. Kwa hivyo autopkgtest, kijaribio cha kifurushi kilichokwisha kusakinishwa, huongeza moja: sakinisha kifurushi, pakia moduli ya C iliyotoka kwa apt.

Saa 10 alasiri. Kahawa tungu na kashata, huku piuparts ikisakinisha na kuondoa. Lua 5.3 na 5.4 lazima zikae pamoja, kwani moduli ya C iliyokompailiwa kwa moja haifai kwa nyingine. `/usr/bin/lua` husimamiwa na `update-alternatives`: hati ya postinst husajili baada ya kusakinisha, ya prerm hufuta kabla ya kuondoa. Prerm ikisahaulika, kiungo hubaki kikielekea faili isiyokuwepo.

Saa 11. `reprepro include` kuweka kifurushi kwenye hazina yetu, saini ya GPG, kisha mashine safi ya majaribio: `apt update`, `apt-cache policy lua5.4`. Ikiendelea kuonyesha 5.4.4 kuwa ndiyo itakayosakinishwa, naangalia mambo mawili kwa mpangilio huu: je, `InRelease` mpya (faharasa ya hazina iliyosainiwa) imefika kwenye seva, na je, kuna faili ndani ya `/etc/apt/preferences.d` inayoipendelea Debian? Mara nyingi ni hilo la pili.