Uvimbe kwenye mlango wa nyongo: kwa nini shangazi hakuachwa nao

Tangu shangazi yangu aondolewe uvimbe kwa njia ya kamera, ndugu wengi hapa Moshi na kule Kibosho wameniuliza swali moja: ikiwa kipimo kilionyesha kwamba si saratani, kwa nini madaktari hawakuuacha tu?

Mrija wa nyongo utokao kwenye ini na mrija wa kongosho hukutana na kufungukia kwenye duodeni, yaani mwanzo wa utumbo mdogo, kupitia kinundu ambacho mwanaanatomia Mjerumani Abraham Vater alikieleza mwaka 1720. Adenoma, yaani uvimbe ambao bado si saratani, ikiota hapo, hata ikiwa ndogo, inaweza kuziba njia, nyongo ikarudi kwenye damu, macho yakawa ya njano, mkojo ukakolea kama chai ya rangi na choo kikapauka. Shangazi alianza kwa kuwashwa mwili usiku kucha, akawa anabadilisha sabuni za kuogea, hadi siku binti yake alipomtazama macho nje, kwenye mwanga wa mchana, na kuona weupe wake umegeuka.

Alipochukuliwa kipande kidogo cha uvimbe ili kipimwe, majibu yalisema adenoma. Daktari alimwambia, "Mama, hatujaona saratani, lakini tulichopima ni kipande kidogo tu." Hapo ndipo penye jibu la swali la ndugu zangu. Adenoma ni uvimbe ambao seli zake zimekwisha kuanza kubadilika na taratibu zinaweza kugeuka kuwa saratani, na mara nyingine saratani huwa imeanza ndani kabisa, mahali ambapo koleo dogo la kamera halikufika. Ni pale tu uvimbe mzima unapofika maabara ya patholojia ndipo mtu anapoweza kuambiwa kwa uhakika alikuwa na nini.

Zamani tiba ya kawaida ilikuwa upasuaji mkubwa, na uliojulikana zaidi ni ule uliopewa jina la Allen Whipple, daktari wa Marekani aliyeueleza mwaka 1935, ambapo kichwa cha kongosho, duodeni na sehemu ya mrija wa nyongo huondolewa kwa pamoja. Upasuaji huo bado unahitajika pale saratani inapothibitika. Kwa adenoma ambayo haijazama ndani sana ya mirija, daktari mzoefu hupitisha mdomoni kamera inayotazama kwa pembeni, akakivika kinundu kitanzi cha waya, akakikaza na kupitisha umeme, akijitahidi kukitoa kikiwa kipande kimoja. Kipande hicho hudakwa mara moja, kwa sababu utumbo ukikisukuma mbele kinaweza kupotea pamoja na majibu yote tuliyoyangojea.

Sipendi mtu aambiwe kwamba ni jambo jepesi kwa kuwa tu tumbo halikupasuliwa. Kongosho linaweza kuvimba, damu inaweza kutoka hata siku kadhaa baadaye, na utumbo unaweza kutoboka. Ndiyo maana mara nyingi huwekwa stenti, yaani kijirija chembamba cha plastiki cha kuacha njia wazi, kwenye mrija wa kongosho, na mgonjwa hupewa dawa ya diklofenaki au indomethasini kwa njia ya haja kubwa ili kupunguza uwezekano wa kongosho kuvimba. Maumivu makali ya tumbo, homa au choo cheusi baada ya kurudi nyumbani ni sababu ya kwenda hospitali usiku huohuo, bila kusubiri kupambazuke.

Adenoma hizi huweza kurudi, kwa hiyo kamera hurudiwa baada ya miezi michache, kisha kwa miaka kadhaa. Shangazi ametakiwa pia kupimwa utumbo mpana, kwa kuwa wapo wenye uvimbe wa aina hii ambao wamerithi ugonjwa unaootesha vinyama vingi huko, navyo visipoondolewa huishia kuwa saratani. Mwanzoni alikataa, akisema tumbo lake limekwisha kuchunguzwa vya kutosha. Alikubali alipoelezwa kwamba ugonjwa huo ukionekana kwake, wanawe nao watapaswa kupimwa.