Audi TT 1.8T: hewa ya wizi iliyojificha nyuma ya vali ya njia moja

Sailensa, yaani mngurumo wa injini bila kukanyaga mafuta, imetulia. Fidia ya mafuta ya mwendo wa chini (asilimia ambayo kompyuta huongeza au kupunguza mafuta), iliyokuwa imeganda kwenye +12.5%, sasa inacheza karibu na +1.6%, na kodi ya hitilafu 17544, yaani P1136 (mafuta machache mno kwa hewa iliyopo), haijarudi tangu ifutwe. Chanzo ni mpira mmoja wa kupumulia krenkesi (kasha la chini la injini lenye krenki na oili), ule unaopita chini ya manifoldi ya hewa, bomba linalogawa hewa kwa silinda. Mpira huo ulifaulu kila jaribio la presha. Ndiyo maana kumbukumbu hii inausemea sana: majaribio yenyewe ndiyo yaliyouficha.

Tuanze na namba. Kundi la 032 kwenye kifaa cha kusomea kompyuta ya gari hutoa fidia mbili: ya kwanza ni ya sailensa, ya pili ni ya mwendo wa kawaida. Hapa ya kwanza ilikuwa +12.5, ya pili +2. Tofauti hiyo peke yake inaondoa nusu ya washukiwa. Injini ikiwa sailensa huvuta gramu 2 hadi 4 tu za hewa kwa sekunde, kwa hiyo ufa mdogo baada ya senso ya hewa ni sehemu kubwa ya chakula chake. Ukikanyaga mafuta, hewa ile ile ya wizi, yaani isiyopita kwenye senso, inamezwa na makumi ya gramu zinazopita kihalali, na fidia inarudi karibu na sifuri. Senso ya hewa iliyochoka haifanyi hivyo. Hukosea kwa uwiano, kwa hiyo namba ya pili ndiyo hupanda.

Senso ilithibitishwa hata hivyo, kwa kundi la 003: gia ya tatu, mafuta mpaka chini, ikafika gramu 140 kwa sekunde. Kanuni ya gramu 0.8 kwa kila farasi inadai kama 144 kwa injini ya farasi 180. Senso nzima. Ile desturi ya kuchomoa plagi ya senso kisha kusikiliza kama gari limekuwa jepesi iachwe kabisa. Ukichomoa, kompyuta inaendesha kwa makadirio, na unabaki na hisia badala ya kipimo.

Likafuata jaribio la presha. Kifuniko chenye mdomo wa upepo kilifungwa mahali pa senso, kompresa ikaanzia bar 0.3 na kupanda taratibu hadi bar 1. Kabla ya hapo, tawi la kupumulia krenkesi linaloingia kwenye bomba la turbo lilizibwa, kwa sababu bila kuziba unajaza upepo krenkesi nzima na unaweza kusukuma sili za krenki nje. Mabomba ya intakula (kipoza hewa ya turbo), gasketi ya throto (mlango wa hewa ya injini), mipira midogo ya vakyumu (mvuto wa hewa): kimya. Upepo kidogo ulisikika kwenye eksozi, lakini huo hupitia vali za silinda zilizokuwa wazi, hauna neno.

Moshi nao ukaingizwa kupitia mpira wa vakyumu wa buster ya breki, kile kisaidizi cha kukanyagia breki. Hakuna kitu. Hapo ndipo watu wengi huanza kununua vipuri kwa kubahatisha.

Sasa fuata njia ya hewa kwa kidole. Manifoldi huvuta mvuke wa krenkesi kupitia vali ya njia moja. Ukiwa sailensa, manifoldi ina vakyumu, vali inafunguka, na ufa wowote kwenye mpira ulio nyuma ya vali unaingiza hewa isiyopimwa. Ukiweka presha au moshi upande wa manifoldi, vali inafunga, kama ilivyoundwa kufunga wakati wa busti, yaani turbo inaposukuma hewa kwa presha. Upande wa pili wa mpira huo unaishia kwenye bomba la turbo, na upande huo ulikuwa umezibwa kwa makusudi. Mpira wote ukabaki kati ya milango miwili iliyofungwa. Haukupimwa hata kidogo, ingawa matokeo yalisomeka kama umefaulu.

Uthibitisho wa haraka hauhitaji mashine ya moshi. Injini ikiwa ya moto na iko sailensa, chomoa mpira wa kupumulia kwenye mdomo wa manifoldi na uzibe mdomo huo mara moja kwa kofia ya mpira. Tazama fidia ya papo hapo. Mfumo usio na ufa huibadilisha kidogo tu. Hapa ilishuka sana palepale. Usibane mpira wa zamani kwa koleo, maana ukishakauka unapasukia hapo hapo na utakuwa umejiongezea tatizo.

Baada ya hapo moshi uliingizwa upande sahihi: kupitia shimo la kujazia oili, tawi la bomba la turbo likiwa limezibwa, presha isizidi bar 0.05. Krenkesi ni kubwa, kwa hiyo subira inahitajika kabla moshi haujajaa. Kwa kioo kidogo na tochi, ukaonekana ukitoka chini ya manifoldi, juu ya nyumba ya filta ya oili. Kwa juu mpira ulikuwa mweusi na safi. Kwa chini, kwenye kona, ulikuwa umevimba kwa oili, laini kama sifongo, na ufa wa urefu wa ukucha ulifunguka tu mpira ulipokunjwa. Joto la injini na mvuke wa oili huufanyia hivyo kila mpira wa hapo, ni suala la umri tu.

Kuhusu mpira wa kubadilishia: silikoni ya kawaida haifai hapa hata ikiwa na rangi ya kuvutia. Oili inaipenya, inatoa jasho, kisha inalegea kwenye vibano. Tumia mpira wa asili wa umbo hilo hilo, au silikoni yenye utando wa ndani wa fluorosilikoni. Vali ya njia moja ibadilishwe pamoja nao. Ijaribu kwa mdomo kabla ya kufunga: upepo upite kuelekea manifoldi, usipite kurudi. Vibano vya springi ni bora kuliko vya skrubu kwa mipira hii, kwa sababu vinaendelea kukaza mpira unapopungua. Vya skrubu huukata mpira laini ukivikaza kupita kiasi.

Ukimaliza, futa kodi ili fidia zianze sifuri, fanya marekebisho ya throto kwa kundi la 060 swichi ya ufunguo ikiwa imewashwa na injini imezimwa, kisha iache ijifunze upya sailensa na mwendo wa kati kabla ya kuamini namba yoyote.

Mpango ulikuwa kuendelea na vali ya N75, inayodhibiti busti, na vali ya kurudisha busti, lakini manifoldi ikiwa wazi namna hii wazo la chombo cha kunasa oili limeteka mradi. Kitakaa kati ya krenkesi na bomba la turbo, mfumo ukibaki umefungwa, mipira yenye kipenyo cha ndani cha milimita 19 au zaidi ili presha ya krenkesi isipande. Ndani lazima kiwe na wavu wa waya wa kugandishia mvuke. Bila wavu ni chupa tu. Tawi la manifoldi na vali yake mpya vinabaki, kwa sababu vakyumu kidogo ya krenkesi wakati wa sailensa ndiyo inayozuia sili kulowa.

Vali ya kurudisha busti itasubiri. Kipimo chake ni kifupi: pampu ya mkono ya vakyumu kwenye mdomo wake mdogo, bar 0.5 chini ya hewa ya kawaida, na mshale usishuke.