Nilivyompigia mama hesabu ya safari, Dodoma mpaka New York

Dada alijifungua New York mwezi wa sita, mama akasema lazima aende, na kwa vile mimi ndo niko nae hapa Dodoma mipango yote ikaniangukia. Nikagugo umbali: Dar mpaka JFK (uwanja wa ndege wa New York) ni kama km 12,400 kwa mstari wa moja kwa moja, ukigawa kwa spidi ya ndege, tuseme 900 kwa saa, unapata masaa 14 kasoro. Namba nzuri ila haisaidii kitu, maana hakuna ndege ya abiria inayopita huo mstari.

Tiketi tuliyoipata inapitia Doha. Dar-Doha km 3,800 hivi, masaa matano na nusu, afu Doha-JFK karibu km 10,800, masaa 14. Yaani anazunguka zaidi ya km 2,000 ya ziada, hiyo ni Dodoma-Dar kwa ndege mara tano na chenji.

Sasa kwenye tiketi imeandikwa anatoka Doha saa mbili asubuhi anafika saa tisa mchana, siku hiyohiyo. Baba mdogo akaishika akasema mbona masaa saba tu bhana! Kumbe kila mji tiketi inaandika saa ya kwao, na New York kipindi hicho wako nyuma yetu masaa saba (kwenye baridi yanakuwa manane). Nilichofanya nikageuza kila kitu kuwa saa za Bongo, Doha haikunisumbua wako sawa na sisi. Ikatoka hivi: Dar anaruka saa kumi na moja na nusu jioni, Doha saa tano usiku, anakaa masaa tisa, anaruka saa mbili asubuhi, anatua saa nne usiku ya huku. Masaa 28 na nusu, na hapo Dodoma bado hujaihesabu.

Hii hesabu nilikuwa naihitaji kwa ajili ya dawa zake za presha, anakunywa kila asubuhi, na daktari alishasema afuate saa ya nyumbani mpaka afike. Nikamwambia mama saa yako ya mkononi usiiguse, hata mhudumu wa ndege akitangaza nini. Akaniuliza "na nikilala je?" nikamwekea alamu kwenye simu.

Dodoma-Dar ndege ni kama saa moja, ila tulipanda treni ya SGR, ile ya kawaida, elfu 31, siku moja kabla, tukalala kwa shangazi Gongo la Mboto ambapo Terminal 3 ya uwanja wa ndege ni pua na mdomo. Na mlenda wake mkavu aliubeba, sikubishana.

Kurudi JFK-Doha ni masaa 12 na nusu hivi, njia ileile, kwa sababu huko juu upepo unavuma kutoka magharibi kwahiyo unaisukuma ndege.