Ujiji, Livingstone na bibi aliyetoka ng'ambo

Mtu wa Kigoma akienda Ulaya kusoma, nyumbani wanategemea arudi daktari, mhandisi, au angalau mhasibu. Mimi nasoma uzamili wa urithi wa dunia, chuo kikuu cha Cottbus, mashariki ya Ujerumani, na kila nikija inabidi nieleze upya kazi yake ni nini. Mjomba wangu wa Ujiji, mji mkongwe wa kando ya Ziwa Tanganyika jirani na Kigoma, ameshachoka kuuliza. Majirani wakimdadisi anawajibu tu, "Anasomea makumbusho," nami nimemwachia.

Kwa wadogo zangu wanaotaka kufuata njia hii, habari kwa ufupi. Programu ipo tangu 1999, inafundishwa kwa Kiingereza, na chuo ni cha serikali, kwa hiyo hulipi ada ya masomo bali mchango wa muhula. Kinachotoa watu jasho ni viza. Usipokuwa na ufadhili, unatakiwa kuonyesha akaunti iliyozuiwa yenye euro 11,904 za mwaka mzima, na ukifika unaruhusiwa kuchota 992 kwa mwezi. Hilo lifikirie kabla hujaanza kushangilia barua ya chuo. Baridi utaizoea.

Safari hii nimekuja kukusanya data za tasnifu. (Kibali cha utafiti ni hadithi nyingine, tuiache.) Ningekuwa na akili ya kumaliza mapema ningeandika kuhusu meli ya Liemba. Darasani nikitaja Kigoma, Wajerumani wanachangamka: meli ilijengwa Papenburg mwaka 1913, ikaletwa vipande vipande ndani ya maelfu ya masanduku, ikaunganishwa hapa bandarini, Wajerumani wenyewe wakaizamisha 1916, Waingereza wakaiibua 1924. Nyaraka kibao, picha kibao, na hakuna mtu wa Kigoma atakayenuna ukimuuliza habari za meli. Mimi nikachagua Ujiji na njia ya misafara.

Ujiji kila aliyekaa darasa la tano anaijua kwa jambo moja: mwaka 1871 Stanley, mwandishi wa gazeti, alimkuta hapa Livingstone, mmisionari na mvumbuzi wa Kiingereza aliyekuwa anatafutwa. Ukishuka kwenye bajaji ukaingia kwenye eneo la kumbukumbu, unakuta mnara, miembe inayosemekana kupandikizwa kutoka ule mwembe waliokutania chini yake, na ndani ya makumbusho sanamu mbili za wazungu wanaosalimiana. Watoto wa shule wanapiga nazo picha, mwongozaji anaeleza, safari imeisha. Lakini Ujiji ilikuwa mwisho wa barabara ya kilomita kama 1,200 kutoka Bagamoyo, kupitia Mpwapwa na Kwihara ya Tabora. Pembe za ndovu zilipita hapa, na watu walipita hapa wakiwa wameuzwa. Serikali yetu iliiweka njia hiyo kwenye orodha ya awali ya UNESCO, ya maeneo yanayosubiri kuwa urithi wa dunia, mwaka 2006, na bado iko huko huko kwenye foleni. Iweje basi mji mzima unasimuliwa kupitia wageni wawili?

Darasani jibu lake ni jepesi: ukoloni. Waingereza walijenga mnara wakamsifu mtu wao, sisi tukarithi hadithi yao. Niliandika hivyo kwenye insha ya muhula wa kwanza na nikapata alama nzuri. Sikatai, ni kweli. Ila mnara haujizuii wenyewe kuongezewa maneno. Tuna zaidi ya miaka 60 ya uhuru, na mwongozaji ni kijana wa hapa hapa.

Bibi, mdogo wake bibi yangu mzaa mama, anakaa mitaa ya chini kuelekea ziwani. Nilimkuta uani kwenye mkeka, ungo mapajani, anachambua dagaa. Vidole vyake vinafanya kazi bila macho: mchanga huku, vijiti kule, dagaa aliyevunjika kichwa anatupiwa kuku. Shikamoo, marahaba, habari za huko kwenye barafu. Nikatoa fomu ya ridhaa ya chuo, kurasa mbili, nikamsomea kwa Kiswahili, akacheka akaweka dole gumba. Nikawasha simu irekodi. Nikamuuliza bibi yake yeye alitoka wapi.

"Ng'ambo," akasema, akionyesha ziwa kwa kidevu.

"Alikuja na nani?"

"Na watu."

"Watu gani, bibi?"

"Watu waliokuwa wanakuja." Akapepeta ungo mara mbili. "Mjukuu wangu, umekula?"

Mahojiano yakawa yamekwisha. Nikala ugali wa muhogo na migebuka ya mawese, na ilikuwa mitamu, lakini hilo la ng'ambo halikurudi tena.

Aliyekulia Ujiji ataelewa. Sisi ni Wamanyema, watu ambao asili yetu ni Kongo ya mashariki, upande wa pili wa ziwa. Tulifikaje huku? Wapo waliokuja kama wapagazi, wapo waliokuwa askari wa misafara na wafanyabiashara, wapo waliojivukia tu kwa mitumbwi kutafuta maisha. Na wapo walioletwa. Baada ya miaka michache wote wakawa kitu kimoja: wameslimu, wanaongea Kiswahili kuliko jirani zao, wamejenga nyumba za baraza, wameozana. Kujua nani aliletwa na nani alikuja kulikuwa na hasara kuliko faida, hivyo watu wakaacha kujua. Wala msidhani ni mambo ya kale sana. Soko la watumwa la Zanzibar lilifungwa 1873, lakini Tanganyika bara utumwa ulifutwa kisheria 1922. Mama yake bibi alikuwa ameshazaliwa. Ugomvi wa kiwanja au wa posa unaweza kuzuka leo, mtu akamtupia mwenzake neno la asili yake, na mtaa mzima ukanyamaza.

Kwa hiyo Livingstone anatusaidia na sisi. Ni mgeni, hana ukoo hapa, kumtaja hakumvui mtu nguo. Mwongozaji akizungumzia sanamu mbili hakosani na jirani yeyote.

Nilianza kuliona hili Ujerumani, kwenye ziara ya kawaida ya wanafunzi. Kutoka Cottbus unapanda treni mpaka Weißwasser, halafu basi mpaka Bad Muskau. Kuna bustani kubwa pande zote mbili za mto Neisse, nusu Ujerumani nusu Poland, iliyoingia kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 2004. Aliyeibuni ni mwanamfalme Hermann von Pückler-Muskau, bingwa wa kupanda miti ikaonekana kama imeota yenyewe. Huyu bwana alifariki 1871, mwaka ule ule wa mkutano wa Ujiji, akazikwa Branitz, palepale Cottbus, ndani ya piramidi ya udongo katikati ya bwawa. Wajerumani wengi hawamkumbuki kwa miti wala kwa piramidi. Wanamkumbuka kwa aiskrimu ya rangi tatu, stroberi, vanila na chokoleti, inayoitwa kwa jina lake.

Kwenye safari yake ya Misri na Sudani, mwaka 1837, Pückler alinunua msichana. Alikuwa binti wa Kioromo kutoka Ethiopia, na jina analojulikana nalo ni Machbuba. Akazunguka naye, akamvalisha, akamleta mpaka Muskau, na huko binti akafa mwaka 1840, bado kijana, mbali na kila mtu aliyemzaa. Kaburi lake lipo pale pale mjini. Siku ile mwelekezaji wetu alitumia muda mrefu kueleza namna mwanamfalme alivyopindisha njia za bustani ili jumba lionekane kidogo kidogo. Machbuba alipata sentensi mbili, na ndani ya hizo mbili alikuwa "mpenzi" wake. Msichana aliyenunuliwa! Mwanafunzi mwenzetu kutoka Addis Ababa aliuliza binti alikuwa na umri gani alipouzwa. Mwelekezaji akasema haujulikani vizuri, akatupeleka kwenye daraja linalofuata. Baadaye tukala aiskrimu. Ni tamu, sitasema uongo.

Nilichoondoka nacho ni kwamba Ujiji hatuko peke yetu katika kuchagua hadithi isiyouma. Tofauti ni kwamba Muskau linalolindwa ni jina la mnunuzi, Ujiji wanaolindwa ni wajukuu wa walionunuliwa. Huwezi kuviweka kwenye kapu moja ukasema vyote ni "historia iliyofichwa," kama wanavyopenda kuandika wenzangu. Mmoja anaficha deni, mwingine anaficha kidonda.

Wazo langu la tasnifu lilikuwa kuandika njia ya matembezi ya watalii: kutoka ufukweni, kupita mahali pa soko la zamani na barabara ya miembe, hadi mnara, na kwenye kila kituo simulizi ya familia moja. Karatasini lilipendeza sana. Nililipeleka kwa mjomba, maana yeye ndiye ananitambulisha kwa wazee. Alisikiliza mpaka mwisho, akavua kofia, akajikuna.

"Sasa mjomba, ukishaandika kwamba babu yake fulani aliletwa kwa kamba, wewe utapanda ndege. Mimi ndiye nitakayekaa barazani na watoto wake."

Sikuwa na la kumjibu, na hata sasa sina. Tuliotoka tuna ujasiri mwingi wa kufukua mambo ya mitaa tusiyoishi.

Kwa hiyo simulizi za familia nimeziondoa, zikiwemo za kwetu. Kilichobaki kinatosha kumfanyia mwongozaji kazi, na ajabu ni kwamba kimetoka kwa Livingstone mwenyewe. Kwa nini alikuwa Ujiji? Tarehe 15 Julai 1871 alikuwa Nyangwe, kando ya mto Lualaba, ndani ya nchi ya Manyema, siku watu wa misafara walipowamiminia risasi wanawake na wanaume waliokuja sokoni. Mamia walikufa, wengi kwa kuzama mtoni wakikimbia. Aliona kwa macho yake, akashindwa kukaa, akageuka kurudi Ujiji mgonjwa, na alipofika akakuta bidhaa zake zimeshauzwa. Huyo ndiye mtu Stanley aliyemkuta chini ya mwembe. Hadithi ya kusalimiana ikianzia Nyangwe, mtalii atajua nani walikuwa wanapita hapa na kwa nini, na hakuna mlango wa jirani utakaonyooshewa kidole.

Mwongozaji mmoja kijana nilimweleza haya, akaniambia wageni wengi wanakaa nusu saa tu na wanataka kuiona hifadhi ya sokwe ya Gombe kesho yake. Nikamwambia Nyangwe inahitaji dakika tano. Amekubali kujaribu kwa wageni wasio na haraka.

Msimamizi wangu Cottbus ameandika kwamba bila simulizi za familia kazi imepungua uzito. Ni kweli imepungua. Nimemjibu kwamba alama zikishuka zishuke, na nimemtumia sura ya tatu, ile inayoanzia Lualaba.