Siku moja kwenye mafunzo ya kutambua wanyama, Mlima Rungwe

Saa 11 alfajiri. Baridi ya Julai hapa Isongole inakuingia mpaka kwenye mifupa. Tunakunywa chai ya rangi na viazi vya kuchemsha, navaa buti na koti la mvua. Mzee anayetuongoza tayari yuko nje.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mwanangu. Twende, upepo uko upande wetu."

Saa 12:30. Tumeingia Hifadhi ya Mazingira Asilia Mlima Rungwe na bado darubini iko kwenye begi. Mbega ameunguruma bondeni, wa pili akajibu kutoka ng'ambo. Baadaye kidogo kima dume akatoa "piau!" moja kali. Chini ya mianzi na miti mirefu namna hii, macho huchelewa. Mzee ananiuliza kila mlio ni wa nani, ametokea upande gani, umbali gani, nami najaza fomu kabla hajanipa jibu.

Saa 3 asubuhi. Mbweko mzito, wa chini, wenye kukwaruza. Si mbega, si kima. Tukasimama.

Kipunji, nyani adimu wa mitini! Kundi zima linapita juu, matawi yanayumba. Manyoya marefu ya kahawia, uso mweusi, kishungi kimesimama utosini, mkia una ncha nyeupe. Wanasayansi walimtambua kwenye mlima huu mwaka 2003, akapewa jina la kisayansi mwaka 2005, na mwaka uliofuata akawekwa kwenye jenasi (kundi la spishi zinazokaribiana) ya peke yake. Lakini jina kipunji ni la Wanyakyusa. Wawindaji wa zamani walikuwa wakimtaja kabla yetu sote. Anapatikana Tanzania tu, huku Rungwe na Livingstone, na kule Ndundulu kwenye Milima ya Udzungwa. Kila ninapomwona nashukuru kwamba yupo.

Tunawahesabu kadiri tunavyoweza na kuandika wanachokula. Leo ni majani machanga na magome.

Saa 4:30. Walipoondoka, tukapima pale walipokuwa. Wenzangu wengi hawaipendi kazi hii, mimi naona ndiyo kiini cha mafunzo yote. Tunazungushia kamba kipande cha mita 20 kwa 20, tunapima unene wa kila shina kubwa kwa kimo cha mita 1.3, tunaandika aina ya mti, tunatazama juu kuona matawi yameshikana kiasi gani. Kipunji hashuki chini ovyo. Njia yake ni matawi, na yakikatika kwa sababu ya mkaa au mbao, kundi linageuza. Ndiyo maana Bujingijila, ule ukanda mwembamba unaounganisha Rungwe na msitu wa Livingstone, unatuumiza kichwa: miti ikiisha pale, kipunji wa huku hatakutana na wa kule. Fomu ikiwa na jina la mnyama bila miti yake, haitamsaidia mtu yeyote kumlinda.

Saa 6 mchana. Tanzi la waya kwenye kijia cha wanyama. Mzee alilikata kimyakimya, tukachukua alama ya mahali kwa jipiesi ili tuwape askari wa hifadhi. Waya mmoja haubagui. Hunasa paa, nungunungu, hata minde, yule paa mkubwa wa msituni. Sikuweza kula mara moja.

Saa 8. Kinyesi kibichi chenye punje kubwa, na kwato pana kwenye tope. Mzee anasema minde. Naye hapatikani nje ya Tanzania, ni mweusimweusi mwenye kishungi chekundu kati ya pembe, na huzidi kilo 50. Funo, paa mwingine wa msituni, ni mwekundu na hafiki hata nusu ya uzito huo.

Saa 10. Tumebadilisha betri za kamera za mtego, zile zinazojipiga picha zenyewe mnyama akipita, na kutoa kadi, tukashuka kabla ya ukungu kufunga njia.

Saa 2 usiku. Ugali na maharage, kisha picha. Kanu, nungunungu, nguchiro, majani mengi yaliyotikiswa na upepo. Halafu picha moja ya usiku: mgongo na miguu ya nyuma, kichwa hakimo. Mimi nasema minde, mwenzangu anasema funo. Usiku kamera haitoi rangi, kwa hiyo wekundu wa funo haupo wa kuangalia. Mzee akaelekeza kidole kwenye shina lililo nyuma ya mnyama, lina kovu la tawi lililovunjika. Kesho tunarudi na rula ya mita tupime kovu liko juu kiasi gani kutoka ardhini, ndipo tujue mgongo ule ulifika wapi. Kwa leo kwenye fomu nimeandika: hajatambuliwa.